Kabla diski haijafa: hesabu kuanzia sifuri

Kama ofisini kwenu kuna seva yenye diski kadhaa zilizofungwa pamoja kwa RAID, yaani mpangilio unaozifanya zitumike kama diski moja, usijifariji kwamba programu ya kuzisimamia itakuambia siku mambo yakiharibika. Itakuambia, ila kwa hesabu zake.

Barua pepe za tahadhari ziende kwa watu wawili waliopo kazini, si kwa yule kijana aliyeacha kazi mwaka juzi. Tuma ya majaribio, hakikisha imefika. Kontrola, ile kadi inayoziongoza diski, ikipiga kelele usiizimishe eti mhasibu anaumwa kichwa. RAID 5 inavumilia kufa kwa diski moja tu, RAID 6 mbili. Diski ya akiba iwe mkononi tayari, si ya kwenda kuhangaikia Kariakoo siku hiyohiyo.

Sasa hili la namba, nisikilize vizuri.

Nilikuwa nahudumia duka moja la jumla. Jumatatu asubuhi nafungua programu, nakuta "Degraded", yaani RAID imepungukiwa: diski namba 2 imekufa. Ni RAID 5 ya diski nne. Nikachukua diski mpya, nikachuchumaa mbele ya seva, nikahesabu kutoka kushoto: moja, mbili. Nikachomoa. Feni zikaendelea kuvuma kama kawaida. Nyuma yangu dada wa kaunta akauliza, "Kaka, mbona mashine imeganda?"

Programu ile inahesabu kuanzia sifuri. Namba 2 ni ya tatu. Nilikuwa nimechomoa diski nzima, mbovu nimeiacha ndani. Nikairudisha mbio, kontrola ikaiona ngeni, ikaniuliza nifanye nini. Kwa kiwewe nikabonyeza nisichokisoma, safu, yaani zile diski zote kwa pamoja, ikaanzishwa upya, tupu. Hapo ndipo ungeacha kila kitu, ukae chini, umpigie anayejua.

Bekapu ilikuwa ya Ijumaa. Mauzo ya Jumamosi yote tuliyaingiza upya kwa mkono, risiti moja baada ya nyingine, nyingine zimeshafifia mpaka unazielekeza dirishani ndipo uone tarakimu. Mzee mwenye duka hakusema neno. Aliagiza chai, akakaa juu ya gunia la mchele, akatutazama mpaka magharibi.

Kwa hiyo leo, kabla hakijaharibika kitu, andika siriali namba ya kila diski na ubandike lebo kwenye trei yake. Programu nyingi zina kitufe cha kuipepesesha taa ya diski unayoitafuta; kitumie, kisha linganisha na lebo. Visipolingana, usiguse.

Halafu betri ya kontrola nayo huchoka, iangalie. Kiyoyozi cha chumba cha seva kisizimwe usiku, joto la Dar mnalijua. Diski mpya ikishaingia, kuijenga safu upya huweza kula saa nyingi, na diski zilizonunuliwa siku moja huzeeka pamoja, nyingine yaweza kufa katikati ya kazi, kwa hiyo usianze kazi hiyo bila bekapu wala UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Na ufunguo wa chumba hicho usining'inie mlangoni.