Kabla hujaitoa gari yako kuukuu kwa chariti mwisho wa mwaka

Ikifika Desemba huku Marekani matangazo yanazidi, toa gari yako, tunaifuata bure mpaka mlangoni, iwe inatembea au imekufa, na kodi utapunguziwa. Na sisi wengi tunayo gari ya hivyo, imelala nje tangu gearboksi igome, matairi yameshaanza kukaa chini, na insharansi bado inakatwa kila mwezi. Kuitoa ni jambo jema na mimi naliunga mkono kwa moyo wote, ila jamani kabla hujapiga simu kuna mambo ya kuangalia, manake watu wanatoa wakitegemea nafuu kubwa halafu wakienda kufaili, yaani kupeleka hesabu zao za kodi, wanakuta kodi haijashuka hata dola moja.

Anzia hapa: je, wewe unaorodhesha matumizi yako moja moja kwenye fomu ya Schedule A au unachukua lile punguzo la jumla (standard deduction) ambalo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inakupa bila kuuliza risiti? Kwa mwaka wa kodi wa 2025 hilo punguzo la jumla lilikuwa dola 15,750 kwa asiye na ndoa, dola 23,625 kwa anayelea familia peke yake na kufaili kama kichwa cha nyumba, na dola 31,500 kwa mume na mke wanaofaili pamoja. Mchango wa gari unaingia kwa wanaoorodhesha tu, na kuorodhesha kunalipa pale jumla yako ikipita hicho kiwango, yaani ujumlishe riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na za nyumba, fungu la kumi unalotoa kanisani, na michango mingine. Mtu aliyepanga apatimenti na kipato chake ni cha kawaida mara nyingi hafiki, kwa hiyo kwenye kodi yake gari haibadilishi kitu. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 wasioorodhesha nao wanaruhusiwa kukata michango, yaani kuitoa kwenye kipato kinachotozwa kodi, mpaka dola 1,000, au 2,000 kwa wanandoa wanaofaili pamoja, lakini ni pesa taslimu tu, gari haimo. Na wanaoorodhesha, kuanzia mwaka huohuo mchango unaanza kuhesabiwa ukishavuka nusu asilimia ya kipato, kwa mwenye dola 80,000 ni kwamba dola 400 za kwanza hazihesabiwi.

Sasa kuna hili la thamani, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi. Unaingia kwenye mtandao wa bei za magari unaona gari kama yako ni dola 3,000, unaandika 3,000. Hapana. Zamani watu walifanya hivyo, sheria ikabadilishwa 2004 na kuanza kazi 2005. Sasa hivi chariti ikiipeleka gari mnadani ikauzwa dola 900, wewe unakata 900, basi. Na kukata 900 haina maana unarudishiwa 900, kama uko kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 22 unaokoa dola 198 kwenye kodi ya shirikisho. Ikiuzwa dola 500 au chini, unaruhusiwa kuandika bei yake halisi ya soko ila isizidi 500.

Bei ya soko yote unaipata kama chariti inaitumia gari yenyewe kwenye kazi zake kwa kiasi cha maana, au inaitengeneza matengenezo makubwa ndipo iiuze, au inampa mtu mwenye shida bure ama kwa bei ya chini sana. Mimi hiyo ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote. Yapo mashirika yanafanya hiyo kazi, Vehicles for Change ya Maryland na Good News Garage iliyoanzia Vermont, wanachukua magari ya michango, yanayofaa yanatengenezwa na kupewa familia za kipato cha chini. Fikiria mama anayetoka shifti ya usiku kwenye wearhausi ambako basi halifiki, halafu gari iliyokuwa inaozea kwako ndiyo inamrudisha kwa watoto wake. Kwa hiyo ukipiga simu uliza kabisa, gari yangu mtaifanyia nini, mnauza au mnatumia? Uliza pia nani anayekuja kuichukua, sababu chariti nyingi zinatumia makampuni ya kati ambayo nayo yanakata chao, na baada ya bredauni na mnada kinachobaki kinaweza kuwa kidogo sana. Kama gari inatembea na una nafasi, mimi naona bora uiuze mwenyewe kisha uwape pesa, wao wanapata yote na risiti yako inakuwa rahisi.

Hakikisha shirika lenyewe ni 501(c)(3), yaani chariti inayotambuliwa na IRS, tovuti ya IRS ina sehemu ya kutafuta jina. Makanisa na misikiti yanaweza yasionekane hapo lakini yanakubalika. Ila ukimpa gari ndugu aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au ukatuma mchango moja kwa moja kwa kituo cha yatima kilichosajiliwa Kenya, Mungu akubariki, ni sadaka safi, lakini kwenye kodi ya Marekani haikatwi.

Siku ya kuitoa, taito, ile hati ya umiliki wa gari, iwe kwa jina lako na isiwe na deni la benki. Andika jina la chariti sehemu ya mnunuzi, usiache wazi hata wakikwambia watajaza wenyewe, manake mtu mwingine akiiendesha ikapigwa faini barua zinakuja kwako. Taarifu DMV, ofisi ya usajili wa magari ya jimbo lako, kwamba umeitoa, ng'oa pleti kama jimbo linataka ubaki nazo, toa kile kidude cha kulipia tozo za barabara kwenye kioo, futa namba za simu kwenye redio, angalia chini ya viti. Piga picha. Insharansi kata baada ya hapo, siyo kabla.

Gari iondoke mikononi mwako kufikia Desemba 31, na wiki ya mwisho bredauni zinajaa, kwa hiyo piga simu mapema. Ikiuzwa Februari haina shida, mchango ni wa mwaka ulioutoa. Wakishauza wana siku 30 kukutumia fomu 1098-C, ile ya kuthibitisha mchango wa gari, na kama unakata zaidi ya dola 500 unaiambatisha pamoja na fomu 8283 ya michango isiyo ya pesa taslimu. Ukiandika zaidi ya 5,000 kwa bei ya soko unahitaji tathmini ya mthamini anayetambulika. Fomu isipofika kabla ya Aprili, usifaili kwa kubahatisha, omba muda kwa fomu 4868 mpaka Oktoba 15, ila kodi unayodaiwa lipa Aprili hiyohiyo.