Anubias juu ya jiwe la volkano: kupanda akwariamu bila udongo

Anubias ni mmea wa akwariamu, yaani tangi la kioo la samaki. Yangu ya kwanza ilifika Goma kutoka Kampala, imeviringishwa kwenye gazeti lililolowa. Siku mbili ndani ya begi, na hakuna jani lililonyauka. Nikaizika kwenye mchanga kama ninavyopanda kila kitu. Wiki tatu baadaye shina lilikuwa teketeke kama ndizi iliyooza, na harufu yake usiulize. Sikuwa nimejiuliza huko kwao inaishije.

Kwao ni vijito vya msituni, Kamerun, Nigeria, Gaboni. Inang'ang'ania mawe na magogo, kivulini. Mvua zikizidi inazama, maji yakishuka inabaki nje, na maisha yanaendelea. Ni ukoo mmoja na mateke (magimbi) tunayokula. Siku ikitoa ua utaona undugu wao. Aina nyingine, Anubias heterophylla, huota hata magharibi ya Kongo yetu. Hapa naeleza ile fupi, Anubias barteri nana.

Hatua ya 1: jiwe. Nani wa Goma atanunua jiwe? Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ya mwaka 2002 bado iko kila ukuta. Tafuta lenye matundu madogo, ukubwa wa ngumi mbili. Vunja ncha kali kwa nyundo, zisije zikachubua samaki. Sugua kwa brashi bila sabuni, kisha loweka kwenye ndoo, ukibadilisha maji kila siku mpaka vumbi jeusi liishe.

Hatua ya 2: maji. Maji ya Ziwa Kivu ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha tindikali) inakaribia 9. Anubias ni mvumilivu, lakini mimi huchanganya bidoni moja ya ziwa na moja ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe bati: moshi wa Nyiragongo huifanya kuwa na tindikali. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima, klorini itoke.

Hatua ya 3: kufunga. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Tazama mmea: kuna shina nene la kijani linalolala, majani yanatoka juu yake, mizizi chini. Shina hilo halifukiwi kamwe, hata nusu. Punguza mizizi ibaki na urefu wa kidole, ondoa majani ya njano, laza shina juu ya jiwe, mizizi ielekee kwenye matundu. Zungusha uzi wa pamba mara nne au tano. Ukaze kiasi cha kuzuia mmea usicheze. Ukiona uzi unaingia kwenye nyama ya shina, legeza. Pamba itaoza yenyewe, na kufikia hapo mizizi imeshashika. Uzi wa nailoni nao unafaa, ila utakuja kuukata.

Hatua ya 4: mwanga. Kidogo tu, muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Umeme ukikatika jioni nzima, usihangaike, mmea huu umezoea kivuli. Taa kali ndiyo adui: kwa kuwa majani ya mmea huu hukua polepole mno, mwani mweusi huwahi kuyavaa. Joto la nyuzi 22 hadi 28 linatosha, kwa hiyo mimi sina hita, ila usiku wa baridi nafunika kioo kwa blanketi.

Usitegemee zaidi ya jani moja kwa wiki tatu hivi. Shina likirefuka, likate kwa wembe safi, kila kipande kibaki na majani matatu au manne, kisha urudi hatua ya 3 na jiwe jingine.