Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwigizaji wa Tamthilia ya Uingereza: Mfano wa William Roache

Anayeandika wasifu wa mwigizaji wa tamthilia ndefu za televisheni ya Uingereza hukabiliwa na ugumu usiompata anayeandika habari za mwanasiasa au mwanasoka. Mtu anayemwandika ana maisha mawili yanayokwenda sambamba kwa miaka mingi, yake mwenyewe na ya mhusika anayemwigiza, na magazeti pamoja na mashabiki huyachanganya kila siku. William Roache ni mfano unaofaa kujifunzia kwa sababu amekuwa Ken Barlow katika tamthilia ya Coronation Street tangu sehemu ya kwanza iliyorushwa tarehe 9 Desemba 1960, na Guinness World Records imemtambua kuwa mwigizaji aliyedumu muda mrefu kuliko wote katika tamthilia ya televisheni. Atakayeweza kumwandika Roache bila kumgeuza kuwa Ken hatapata shida kubwa kwa mwigizaji mwingine yeyote wa aina hiyo.

Kabla hujaandika sentensi hata moja, chukua karatasi uigawe safu mbili. Katika safu ya kwanza weka matukio ya mtu, na katika ya pili matukio ya mhusika, kila moja likiwa na mwaka wake. Upande wa Roache utaandika kwamba alizaliwa tarehe 25 Aprili 1932, akamwoa mwigizaji Anna Cropper mwaka 1956, wakaachana mwaka 1974, akaoa tena mwaka 1978, na mke huyo wa pili akafariki mwaka 2009. Upande wa Ken utaandika kwamba anamwoa Valerie mwaka 1962, anafiwa naye mwaka 1971, anamwoa Janet mwaka 1973, kisha anamwoa Deirdre mara mbili, mwaka 1981 na mwaka 2005. Ukizitazama safu hizo pamoja utaona jinsi ilivyo rahisi kuandika kwamba “alifiwa na mkewe” na msomaji asijue ni mke wa nani aliyefariki.

Kiswahili kinatupa chombo kizuri cha kutenganisha safu hizo ndani ya maandishi yenyewe, nacho ni nyakati za vitenzi. Simulia maisha ya mtu kwa wakati uliopita na yaliyomo katika tamthilia kwa wakati uliopo: Roache alioa, Ken anaoa. Mazoea haya yakishikwa tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho, msomaji huyazoea bila kuelezwa. Jambo la pili ni majina. Mwite mwigizaji kwa jina lake la ukoo, Roache, na mhusika kwa jina lake la kwanza, Ken, na usitumie neno “yeye” pale ambapo wote wawili wametajwa katika sentensi moja.

Sasa anza na maisha ya awali, lakini usiyarefushe kupita kiasi. Roache alizaliwa Basford katika mji wa Nottingham, akakulia Ilkeston katika jimbo la Derbyshire, baba yake akiwa daktari, na alisoma katika shule ya Rydal huko Colwyn Bay, Wales. Hayo yanatosha, ingawa kuna jambo moja ndani yake ambalo mwandishi makini hataliacha: mtoto huyu wa daktari, aliyesomeshwa katika shule ya kulipia, ndiye aliyekuja kuigiza kijana wa familia ya wafanyakazi wa kawaida. Jambo hilo lina uzito zaidi kuliko orodha ya madarasa aliyopitia.

Utumishi wake wa jeshi unahitaji uangalifu zaidi. Roache alikuwa ofisa katika kikosi cha Royal Welch Fusiliers, akafikia cheo cha kapteni, na sehemu ya utumishi huo aliifanyia Ghuba akiwa na kikosi kilichojulikana kama Trucial Oman Scouts. Msomaji wa Kiswahili, hasa mwenye ndugu Maskati, atadhani mara moja kwamba Roache alikuwa askari wa Sultani wa Oman. Mweleze palepale kwamba jina hilo lilihusu nchi ndogo za pwani ya Ghuba zilizokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ambazo kuanzia mwaka 1971 ziliungana kuwa Umoja wa Falme za Kiarabu, na kwamba makao makuu ya kikosi yalikuwa Sharjah. Maelezo ya namna hii ndiyo yanayofanya wasifu ulioandikwa kwa Kiswahili uwe na thamani yake wenyewe, kwa maana unajibu swali ambalo mwandishi wa London hana sababu ya kulifikiria.

Ukifika kwenye tamthilia yenyewe, kumbuka kwamba wasomaji wako wengi hawajawahi kuitazama. Waeleze kwa ufupi kwamba Coronation Street ilibuniwa na Tony Warren, kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na ushei tu, kwa ajili ya kampuni ya Granada ya Manchester. Kwamba awali ziliagizwa sehemu 13 pekee. Na kwamba inahusu mtaa mmoja wa nyumba zilizoungana, wenye baa iitwayo Rovers Return, katika mji wa kubuni wa Weatherfield uliofananishwa na Salford. Wakiisha kuelewa mahali, wape tukio moja walione kwa macho yao. Katika sehemu ya kwanza, iliyorushwa mubashara na bila rangi, Ken ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeketi mezani na wazazi wake, Frank na Ida. Baba anamiminia chakula sosi kutoka kwenye chupa, na uso wa kijana unaonyesha kwamba anaona aibu. Ndugu yake David analeta baiskeli sebuleni kuitengeneza. Na Ken amealikwa na msichana katika hoteli ileile ambayo mama yake hufanya usafi. Hapo msomaji ameelewa mhusika huyu ni nani na kwa nini Waingereza wengi walijiona ndani yake, wakati ambapo watoto wa wafanyakazi walikuwa wanaanza kuingia vyuo vikuu na kurudi nyumbani wakiwa wamebadilika.

Baada ya hapo kishawishi kikubwa ni kusimulia kila kilichompata Ken kwa zaidi ya miaka 60. Kikatae. Wasifu si muhtasari wa hadithi, na mhusika aliyekuwa mwalimu, mhariri wa gazeti na dereva wa teksi anaweza kumeza kurasa zote na kumwacha mwigizaji bila nafasi. Chagua matukio machache yanayoeleza jambo fulani kuhusu kazi. Kifo cha Valerie, aliyepigwa na umeme wa kikaushio cha nywele mwaka 1971, kinaeleza namna ajira inavyoongoza hadithi: mwigizaji wake, Anne Reid, alitaka kuondoka, na waandishi wakamwondoa mhusika. Mgogoro wa mapenzi wa mwaka 1983 kati ya Ken, mkewe Deirdre na Mike Baldwin, mwanamume aliyekuwa na uhusiano na Deirdre, unaonyesha ukubwa wa hadhira, kwani ubao wa matokeo wa uwanja wa Old Trafford uliwatangazia mashabiki wa mpira kwamba Deirdre na Ken wamerudiana. Matukio mawili kama hayo, yakiandikwa vizuri, yana nguvu kuliko ishirini yaliyoorodheshwa.

Kuna mahali ambapo safu mbili zinakutana, na hapo ndipo wasifu wa mwigizaji wa tamthilia unapokuwa na utajiri usiopatikana kwingineko. Linus Roache, mwana wa Roache na Anna Cropper ambaye naye ni mwigizaji, alipokuwa mtoto miaka ya 1970 aliigiza Peter, mwana wa Ken. Mwaka 2010 alirudi akaigiza Lawrence, mwana mwingine ambaye Ken hakujua kwamba anaye, na mdogo wake James akaigiza mjukuu wa Ken. Mwana wa damu aliigiza wana wawili tofauti wa mhusika mmoja. Andika sentensi hiyo polepole, taja miaka, na uisome kwa sauti kabla ya kuendelea. Vilevile na kifo cha Anne Kirkbride, aliyemwigiza Deirdre: mwigizaji alifariki Januari 2015, lakini mazishi ya Deirdre yalionyeshwa Julai mwaka huohuo. Katika kuandika tukio hilo, kifo cha mtu kitangulie na kipewe heshima yake, ndipo kifuate cha mhusika. Kuyaunganisha mawili hayo katika tarehe moja ni kumkosea marehemu.

Mambo ya mahakama yaandikwe kwa ukamilifu au yasiandikwe kabisa. Mwaka 1991 Roache alilishtaki gazeti la The Sun kwa kumchafulia jina, baada ya gazeti hilo kuandika kwamba anachosha kama Ken, na alishinda pauni 50,000. Ukiishia hapo utampotosha msomaji. Kwa utaratibu wa Uingereza, mshtakiwa aliweza kuweka fedha mahakamani kama pendekezo la kumaliza kesi, na mlalamikaji ambaye mwishowe hapati zaidi ya kiasi hicho hubeba gharama zinazofuata. Gazeti lilikuwa limeweka kiasi kilekile alichopewa, kwa hiyo ushindi ulimgharimu sana, na mwaka 1999 alitangazwa mufilisi. Aidha, alikuwa nje ya tamthilia wakati akikabiliwa na mashtaka ya jinai yaliyofunguliwa mwaka 2013. Tarehe 6 Februari 2014 jopo la raia katika mahakama ya Preston lilimwona hana hatia kwa mashtaka yote, na baadaye mwaka huo alirejea kazini. Yeyote atakayetaja mashtaka na asitaje hukumu papo hapo ametenda dhuluma, hata kama kila neno aliloandika ni kweli.

Nishani na tuzo hazihitaji maneno mengi: nishani za kifalme za Uingereza, MBE mwaka 2001 na OBE mwaka 2022, sentensi moja inatosha. Iwapo msomaji wako yuko Nairobi na ungependa kuanza na mtu aliye karibu naye, fikiria Nitin Ganatra, mzaliwa wa Kenya aliyeigiza Masood Ahmed katika tamthilia ya EastEnders ya BBC kuanzia mwaka 2007. Safu mbili zitakuwa fupi zaidi, ila kanuni ni zilezile.

Tamthilia hizi zinaendelea kurushwa, hivyo epuka “hadi leo” na “kwa sasa”. Andika “hadi Desemba 2020” au mwezi mwingine ambao umeuhakikisha. Kisha mpe rasimu mtu ambaye hajawahi kuitazama Coronation Street, umwombe aweke herufi R pembeni mwa kila sentensi inayomhusu Roache na K pembeni mwa kila inayomhusu Ken, na kila sentensi atakayosita kuiwekea alama uiandike upya.