Namna ya kutumia regilatere ya vitesi ku barabara ya Likasi (na kama uko ku moto, ni kusema pikipiki)

Bandugu, kila mara tukitoka L'shi (Lubumbashi) kwenda Kolwezi na mutu kando yangu, anashangaa kuona mguu yangu imetulia chini na motoka inaenda. Ananiuliza ni nini. Na motoka yake mwenyewe iko na kile kitu, anakionaka kila siku, hajawahi kukigusa! Njo maana ninaandika hii.

Regilatere, wengine banaita kruzi kontroli, inashika vitesi (mwendo wa motoka) ile umechagua, inaongeza ama inapunguza gazi yenyewe. Ni hiyo tu. Haiangalii barabara, haishiki vola (usukani), na ile ya kawaida haipigi freni. Mwenye alianza kuitengeneza ni fundi mmoja wa Marekani, Ralph Teetor, kipofu tangu mutoto, na Chrysler banaiweka ku Imperial ya 1958.

Ku Toyota mingi zenye zinatufikiaka toka Japani ni kamukono kadogo nyuma ya vola, upande wa kuume. Bonyeza butoni ya ku ncha, taa ndogo inawaka ku tablo, lakini bado haijashika kitu. Panda na mguu mpaka pale unataka, tuseme 80, sukuma kamukono chini, hapo njo SET (kushikisha vitesi), kisha achilia gazi polepole. Imeshika. Kuongeza unainua juu kidogo kidogo, kupunguza unashusha, kuachia unavuta kuja kwako. Ukigusa freni inaachia pia, na kama ni motoka ya ambreyaji (klachi), ukikanyaga ambreyaji ni vile vile. Chini ya 40 hivi mingi inakataa, basi mu ambuteyaji (foleni ya motoka) usijisumbue.

Sasa RES, ni kuinua kamukono juu kisha regilatere imeachia, hapa nakuomba usikie vizuri. RES inarudisha vitesi ya mwisho. Kama ulikuwa 90, ukaingia mu kijiji ukashuka mpaka 45, ukigusa RES motoka inavuta kurudi 90 hata kama mbele kuna batoto banavuka. Mimi siigusi mpaka nimetoka mu kijiji na nimepanda na mguu mpaka 75 hivi.

Toka L'shi mpaka Likasi ni kilometa kama 120, na hapana zote ni za regilatere, hata nusu sijui kama inafika. Makamio (maloli) ya shaba yanajaa, kuna peaje (mahali ya kulipia barabara), kuna ba papa na makinga (baiskeli) zenye zimebeba magunia ya makala, zinayumba, wakati mwingine hauna mahali ya kupita. Ninawashaka asubuhi, barabara kavu, nikiona mbali na makamio ni kidogo, dakika kumi, nazima, baadaye nawasha tena. Na mguu usiukunje chini ya kiti! Ukae karibu na freni.

Mvula ikinyesha, zima. Novemba mpaka Machi mimi karibu siigusi. Siku moja nilikuwa 85, nikaingia mu maji yenye ilisimama barabarani, maji ikavuta motoka, regilatere ikaona vitesi inashuka ikaongeza gazi, pale pale tairi hazijashika chini vizuri, nyuma ikaanza kuteleza kwenda pembeni. Niliokoka juu mbele hapakuwa mutu. Ku mtelemko nako vitesi inaweza kupita ile umeweka, kwa hiyo shusha gia, usingojee ifanye kazi ya freni.

Majipu ya mupya iko na ile ya radari, inajipunguza yenyewe nyuma ya kamio. Ni muzuri kweli, lakini mingi haitambui vizuri kitu chenye kimesimama kabisa, na kwetu usiku kamio inaharibika katikati ya barabara, alama yake ni matawi ya miti tu. Usiku nafanya na mguu yangu.

Kwa moto: mashini kubwa kama Gold Wing ama BMW za safari ziko na regilatere ya kweli, unaweka na kidole, inaachia ukigusa freni ama ambreyaji, ama ukizungusha gazi kwenda mbele. Ku kona usiiache imewaka. Lakini Boxer na TVS, moto ndogo za ba wewa (ba taxi-moto), haziko nayo, na nimeona vijana banafunga gazi na kipande ya shambrere (mupira ya ndani ya tairi) juu mukono inachoka. Ndugu yangu, toa hiyo kitu leo! Ukipiga freni gazi inabaki wazi, moto inaendelea kukusukuma. Na vile vishikio vya gazi banauzaka havijui vitesi, vinashika mukono tu. Kama uko na kimoja, jaribu kwanza moto ikiwa imezimika, uone kama unaweza kufunga gazi kwa nguvu ya mukono bila kukitoa.

Kitu kingine, kama unabonyeza SET na haishiki, usikimbilie kulipa mekanisie afungue vola. Weka mutu nyuma ya motoka, ukanyage freni, aangalie taa. Ku motoka mingi, switchi ya pedale ya freni ikiharibika regilatere inakataa, juu switchi hiyo njo inaiambiaka iachie. Anzia pale, angalia na fuzi zake.