Kabla hujaweka sensa za kupima mwendo wa mgonjwa wa MS nyumbani

Sensa hapa sio ile ya kuhesabu watu jamani, ni vile vidude vya ukutani ama vya kuvaa mguuni vya kupima vile mtu anatembea ndani ya nyumba. Dadangu ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva) na tumekaa navyo kwake Donholm, Nairobi, na ningejua haya mapema tungeokoa pesa na kelele nyingi.

Kabla ununue, muulize daktari wa neva ama fizio hizo namba atazifanyia nini. Kliniki wao hupima futi 25, yaani mita 7.62, unatembea haraka uwezavyo bila kujiangusha wanakutaimu, na muda ukibadilika kama asilimia 20 ndio wanaanza kuuliza maswali. Chukueni hicho kipimo kwanza, hata kwa saa ya simu. Korido yetu haifiki mita 5 ikabidi tutumie ile ya nje, tukachora chaki mwanzo na mwisho, jirani akatoka kuuliza nani anachafua sakafu.

Saa ya mkononi nayo sio ya kila mtu. MS inakula ile ala inayofunika neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, mguu unaanza kuburuta na mtu anajishika ukutani. Kwa dadangu rangi ya ukuta imefifia laini moja, usawa wa kiuno, kutoka chumbani hadi choo, huo ni mkono wake wa kushoto. Sasa mkono ulioshika ukuta hauyumbi, na saa inangoja uyumbe ndio ihesabu hatua. Ya kifundo cha mguu ni afadhali.

Zile za ukutani za bei ya chini zinajua tu mtu amepita, ni nani hazijui. Wiki ya kwanza namba zilikuwa tamu ajabu tukashukuru Mungu, kumbe ni dada wa kazi akikimbilia maziwa yasimwagike.

Lakini kitu ya maana kuliko kifaa chenyewe ni daftari. Andika siku ya joto, saa ameoga maji moto, usiku hakulala. Mwili ukipata joto neva zilizoumia zinapitisha ujumbe vibaya, Mjerumani mmoja anaitwa Uhthoff alieleza hayo tangu 1890, kwa hivyo Februari saa nane mchana grafu itashuka na akipoa inarudi, usikimbie hospitali na grafu tupu. Ila udhaifu mpya ukikaa zaidi ya masaa 24 piga simu, hata kama namba ziko sawa, na akiwa na homa piga mapema zaidi. Na usilinganishe namba za sensa na za kliniki, huko mtu hujikaza, nani huenda choo mbio mbio usiku.

Stima ikipotea, je, kifaa kinajiwekea rekodi ama siku hiyo imeenda? Uliza dukani. Uliza pia data inaenda kwa nani, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kamera dadangu alikataa kabisa, sensa akakubali moja ya korido, na Jumamosi marafiki wake wakija anaichomoa mwenyewe, sisi tunaandika kwa daftari "imezimwa".