Saa ya kabati ya Kijerumani ikigoma, tazama mgongo wake kwanza

Ukinunua au kurithi saa kubwa ya kusimama ya Kijerumani, usihangaike na jina lililoandikwa usoni. Mara nyingi ni la duka lililoiuza tu. Fungua mlango, mulika tochi nyuma ya mashine, kwenye bamba la shaba. Alama utakayoiona hapo ni ya kiwanda kilichoitengeneza: nyota yenye ncha nane na herufi J ndani ni Junghans wa mji wa Schramberg, Ujerumani. Mishale miwili iliyopishana ni Hamburg-Amerikanische, nao wa mji huohuo. Herufi GB ni Gustav Becker.

Sasa, ikisimama kila baada ya dakika chache, usikimbilie kuifungua. Sikiliza. Tik na tak zinapaswa kulingana. Ukisikia tik-tak... tik-tak..., saa inachechemea, na dawa yake haihitaji bisibisi. Kuna kijiti cha chuma nyuma kinachosukuma pendulumu, yaani ule ufito wenye sahani unaobembea. Kisogeze pembeni kidogo sana, kama unene wa kucha, usikilize tena. Mlio ukiharibika zaidi, kirudishe upande wa pili. Yangu ilikaa kimya miezi kadhaa, kumbe ilisogezwa tu siku ya kufagia!

Ikichelewa, kaza nati iliyo chini ya pendulumu ili sahani ipande, ikiwahi, ilegeze.

Na tafadhali, usiimiminie mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani hugeuka msasa, yakatafuna matundu ya shaba. Saa yenye uchafu mpelekee fundi aisafishe kwanza.