Kuunda gari ya spoti nyepesi kutoka kwenye Kirikuu: anza na mizani

Wakuu, kama una Kirikuu, kile kipikapu kidogo cha Suzuki Carry, imelala nyuma ya nyumba, bodi imeoza ila injini bado inawaka vizuri, usiikimbize skrepa kwanza. Injini ya cc 660, gia za mkono, propela shafti, difu nyuma, vyote viko mle na vyote ni vyepesi. Na siongei ndoto hapa, maana Waingereza wa Caterham, wale wanaotengeneza gari ndogo za spoti zilizotokana na Lotus Seven ya 1957, mwaka 2021 walitoa modeli yao ya 170 yenye injini ya Suzuki ya cc 660 ya turbo na ekseli ya nyuma ya Suzuki, nguvu za farasi 84, na gari nzima ina kilo 440 tu.

Ya kwako haina turbo, tuseme ina farasi 45. Ukifikisha gari kilo 450 unakuwa na farasi 100 kwa kila tani, wakati Toyota IST ya cc 1300 ina farasi 87 na inabeba karibu tani nzima. Alafu kumbuka Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake hata kabla hujakanyaga mafuta. Kwahiyo nguvu za kuongeza huna, ulichonacho ni kilo za kupunguza, na kila kipande unachoweka kipime kwanza uandike kwenye daftari.

Kabla hujanunua hata bomba moja nenda TRA na kwa trafiki ukaulize utaratibu wa kusajili gari ya kujiundia, na kadi ya ile Kirikuu uitunze vizuri. Hilo ukiliacha mwisho utabaki na gari ya kuangalia uani.

Sasa fremu. Tumia skwea paipu ya milimita 25 kwa 25 yenye ukuta wa 1.6, dukani waambie geji 16. Ila usiamini maneno ya dukani, beba mizani. Bomba la mita 6 lenye ukuta wa 1.6 kweli linakuja kama kilo 7, likisoma kilo 5 na nusu hapo umepewa ukuta wa 1.2 hata kama limeandikwa vingine. Mimi nilipimia kwenye mizani ya jamaa anayenunua alizeti, mabomba 9 tuliyochagua wawili wetu tukarudisha 4. Fremu nzima inakula kama mita 55, yani kilo 65 hivi za chuma.

Kuchomelea ndo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Fundi wa magrili wa mtaani anaijua geji 16 vizuri sana, ila dirisha halibebi roho ya mtu, kwahiyo kabla hajagusa fremu mpe mtihani. Chomeleeni vipande viwili vya sentimita 10 viwe kama herufi T, bana kimoja kwenye vaisi, chomeka bomba refu kwenye kile kingine uvute mpaka kivunjike. Chuma kikichanika pembeni ya weldi, mtu wako yuko vizuri. Weldi ikibanduka nzima kama ganda na chini yake unaona bomba bado linang'aa na alama za grainda, haikushika hiyo, ilikaa juu juu tu, ongezeni moto mjaribu tena. Na kama mnatumia mashine ya MIG, ile ya waya na gesi, fanyieni ndani au zibeni na maturubai, upepo wa Dodoma ule wa mwezi wa saba unapeperusha gesi yote na weldi inatoka na vitundu kama mkate.

Jengea juu ya plaiwudi nene iliyolazwa sawa kwa pima maji, chora fremu kwa ukubwa wake halisi, panga mabomba juu ya mchoro. Shikiza kwanza kwa vidoti fremu yote, pima kona kwa kona, tofauti isizidi milimita 2, ndo uanze kuchomelea moja kwa moja huku unahama hama, kushoto kidogo kulia kidogo. Mimi fremu ya kwanza nilimaliza upande wa kushoto wote kwa siku moja kwa haraka zangu, chuma kikavuta, kesho yake tepu inasoma tofauti ya milimita 9, nikaikata yote. Iliniuma sana maana zilikuwa wiki 3 za kazi.

Injini unaihamishia mbele. Kwenye Kirikuu imelazwa upande chini ya viti, iache na mlalo ule ule, ukiisimamisha oili haikai inapotakiwa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Propela shafti ikikatwa lazima ikabalansiwe, isipobalansiwa itatikisa gari yote na inapita pembeni ya kiuno chako. Chujio la hewa liweke juu mbali na tairi, vumbi letu mnalijua.

Mbele zile shokapu ndefu za Kirikuu hazifai, boneti iko chini, utatengeneza mikono miwili ya kushikia tairi, ya juu na chini, kila upande. Tumia bomba la mviringo lenye ukuta mnene, la maji hapana kabisa. Shokapu za pikipiki zinavutia kwa bei ila fikiria hivi, ukiifunga katikati ya mkono inabeba mara mbili ya uzito ulio kwenye tairi, haikutengenezewa hiyo. Chini acha nafasi ya sentimita 15 hivi, Wazungu wanashusha zaidi ila wao hawana matuta yetu.

Breki za Kirikuu zinatosha, ila paipu, mipira na silinda zote ziwe mpya, hapo usibane hela. Nyuma ya kichwa weka upinde wa bomba nene uliofungwa kwenye fremu yenyewe, na mikanda. Bodi ni bati la alumini la milimita 1 na riveti, pua ya mbele faiba.

Iendeshe kabla hujaweka bodi, kwenye kiwanja kisicho na watu, mwendo wa gia ya pili tu. Ukishatembea kilomita 20 simama ukaze upya nati zote za tairi na boliti za mikono ya mbele, zile za mbele ndo huwa zinalegea mapema.